Kuhesabu Vinywa

Mchina hasemi "watu watatu" hivi hivi. Kati ya hesabu na jina hutia neno dogo la kuhesabia, na kwa watu maneno hayo ni kadhaa. Mwanafunzi mgeni hukwama hapo, maana idadi haibadiliki, achague lipi.

La kila siku ni ge, ambalo zamani lilihesabu mianzi. Wei, yaani mahali pa mtu au cheo chake, ni la heshima. Mwenye mkahawa huwaulizia wageni kwa neno hilo, lakini mtu akijihesabu nalo ataonekana anajikweza. Ming, yaani jina, ni la orodha: askari, wanafunzi, majeruhi.

Linalonishughulisha mimi ni kou, yaani kinywa. Katika karne ya 4 K.K. Mengzi alimweleza mfalme kuwa shamba la mu 100, wakulima wasipoondolewa humo wakati wa kulima, huiepusha na njaa jamaa ya vinywa vinane. Mwaka wa 2 B.K. makarani wa Han wakaandika kaya 12,233,062 na vinywa 59,594,978. Neno ni lile lile, ila Mengzi alihesabu wa kulishwa. Karani alihesabu wa kutozwa. Hata kodi ya watoto iliitwa fedha ya kinywa!

Mpaka leo Wachina huulizana nyumbani kwenu mko vinywa vingapi, na hakuna anayeudhika. Nguruwe naye huhesabiwa kwa kou. Ng'ombe hupewa tou, yaani kichwa.