Mjue bibi aliyegoma kupangiwa namna ya kufuma sweta

Leo tunapumzika kidogo na stori za mastaa wa muziki. Tunamzungumzia bibi mmoja ambaye silaha zake zilikuwa sindano na uzi wa sufu. Usicheke kwanza. Wafumaji wa Marekani mpaka leo wanamtaja kwa herufi mbili tu, EZ, na kila mtu anajua ni nani.

Jina kamili ni Elizabeth Zimmermann. Alizaliwa Uingereza mwaka 1910, akaenda kusoma sanaa Uswisi na Ujerumani. Huko Munich ndiko alikompata Arnold, Mjerumani, fundi wa kutengeneza bia. Miaka hiyo Hitler ndiye mwenye nchi, na Arnold mdomo ulimponza: alitoa maneno ya kumkejeli mkubwa, ikabidi aikimbie Ujerumani. Wakaoana mwaka 1937, kisha wakahamia Marekani. Baada ya kuhamahama sana wakaishia jimbo la Wisconsin, ambako baridi yake si mchezo. Watoto watatu, nyumba ya kulea, na mama anafuma kila anapopata nafasi. Hata nyuma ya pikipiki ya mumewe alikuwa anafuma!

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Enzi hizo sweta lilifumwa vipande vipande: mgongo kivyake, kifua kivyake, mikono kivyake, halafu unakaa kushona. Maelekezo ya magazetini yalikuwa mstari kwa mstari, fanya hivi, fanya vile. Ukipotea katikati, imekula kwako. Na kama mwili wako haulingani na vipimo vya gazeti, utajijua mwenyewe.

Elizabeth hakutaka hayo. Yeye alitumia sindano ya mviringo, yaani ncha mbili zilizounganishwa na kamba laini. Unafuma unazunguka tu, kama bibi zetu wanavyozungusha ukindu kwenye kikapu. Sweta linapanda lenyewe, ubavuni hakuna cha kushona. Wala hakudai kwamba njia hiyo ni ya kwake. Wavuvi wa Uingereza walikuwa wanavaa masweta ya namna hiyo tangu zamani. Alijitungia hadi neno la kueleza kazi yake, lenye maana ya kufukua kitu ambacho watu walishakijua halafu kikasahaulika.

Basi, miaka ya 1950 akapeleka muundo wake kwa gazeti moja la wanawake. Wahariri wakaupenda, ila maelekezo wakayageuza: ule mzunguko wote ukarudishwa kuwa vipande vya kushona. Yaani sweta ni lake, lakini akili iliyomo ndani wameitoa. Mwingine angepokea hela yake akanyamaza. Yeye mwaka 1958 akaanza kuandika kijarida chake mwenyewe, anawatumia watu kwa posta. Mwaka uliofuata akafungua biashara, Schoolhouse Press, akawa anauza sufu, sindano na miundo. Jina hilo linatokana na jengo la zamani la shule ambalo yeye na mumewe waliligeuza kuwa makazi.

Na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Badala ya kuwapa watu maelekezo ya kufuata kama roboti, aliwapa hesabu. Fuma kipande kidogo, hesabu vishono kwa inchi, zidisha na upana unaoutaka kifuani. Tuseme vishono 5 kwa inchi, kifua inchi 40: unapata 200. Hiyo ndiyo asilimia 100 yako. Mkono unapoanzia kiganjani ni asilimia 20, yaani vishono 40. Shingo ni asilimia 40, yaani 80. Mnene, mwembamba, mtoto, babu, wote wanaingia humo.

Kibiashara ni kama kujichimbia shimo, maana mtu akishaijua hesabu hiyo hana haja ya kununua muundo mwingine kwako. Kumbe ndiyo kwanza watu wakazidi kuja. Kitabu chake cha mwaka 1971, Knitting Without Tears, yaani kufuma bila machozi, kikampa jina kubwa. Akafundisha kwenye televisheni. Mwaka 1974 ikaanza kambi ya wafumaji huko Wisconsin: watu wanafunga safari na mabegi ya uzi, wanakaa pamoja, wanafuma, wanabishana, wanacheka. Mtu aliyekuwa anafuma peke yake kijijini kwao akakuta kumbe ana wenzake.

Ana na koti la mtoto alilolibuni mwaka 1968. Likitoka kwenye sindano linaonekana kama kitambaa kilichoharibika. Unakikunja, unashona mabega mawili, unashangaa koti hilo hapo!

Alifariki mwaka 1999, na New York Times likaandika tanzia yake. Mama wa nyumbani, mfumaji wa sweta, kwenye ukurasa wanaoandikwa wakubwa wa dunia. Kambi na biashara vilibaki mikononi mwa binti yake, Meg Swansen.

Wadau, tuambizane hapo chini: kazi yako ikigeuzwa ili tu itoke, unakubali au unaanzisha ya kwako? Na kama nyumbani kuna mtu anayefuma vile vitambaa vya makochi, leo muulize nani alimfundisha. Njoo utusimulie.