Ushuhuda wa Mnywa Dawa

Maradhi ya mwili huwa na alama ambazo mtazamaji aweza kuziona: donda huonekana, homa hupimika, na mfupa uliovunjika hushikika kwa mkono. Huzuni iliyogeuka kuwa maradhi haina donda. Mwenyewe ndiye aujuaye uzito wake, na akinywa dawa, mwenyewe ndiye ajuaye kama uzito huo umepungua. Wahenga walisema kuwa adhabu ya kaburi aijua maiti. Kwa sababu hiyo historia ya dawa za sonona ni historia ya kuuliza pia: nani aliulizwa, nani hakuulizwa, na kosa gani lilizaliwa na kutouliza.

Dawa za kwanza za namna hii zilipatikana katika safari ya kutafuta nyingine. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walipewa iproniazidi kwa ajili ya mapafu yao; wengi wakachangamka kupita walivyotazamiwa. Katika Uswisi, daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen aliijaribu dawa ambayo baadaye iliitwa imipramini. Ilikuwa imekusudiwa wagonjwa wa aina nyingine ya wazimu, wala haikuwafaa. Mwaka 1956 akawapa wenye sonona, akasikiliza walichosema na walichosema wauguzi wao, na mwaka 1957 akaitangaza habari yake. Hapana kipimo cha damu kilichomwongoza; aliongozwa na maneno ya wagonjwa. Lakini msikilizaji huyo hakuwa mwombaji mzuri wa ridhaa. Uchunguzi wa wanahistoria uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya wagonjwa 1,000 wa Münsterlingen walijaribiwa dawa, na wengi hawakuelezwa walichokuwa wakipewa. Kumsikiliza mtu ni jambo moja. Kumheshimu ni jambo jingine.

Katika Afrika Mashariki kosa lilikuwa kubwa zaidi, maana hata kusikiliza kulikosekana. J. C. Carothers alikuwa daktari wa serikali ya kikoloni, akaongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi toka mwaka 1938 hata 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kuwa sonona ni adimu kwa Waafrika, na sababu aliyoitoa ni kwamba Mwafrika hana desturi ya kujilaumu wala ya kujitwika wajibu wa nafsi yake. Hoja hiyo ilikuwa na tundu ambalo mtoto angeliona. Mtu apigaye kelele na kuvunja vyungu hupelekwa hospitali na jamaa zake au na polisi. Mtu akaaye kimya nyuma ya nyumba, asiyekula wala kulala, hapelekwi popote. Husemwa tu kwamba ana mawazo mengi. Carothers alihesabu waliofika mlangoni pake, akadhani amewahesabu watu wote.

Tundu hilo lilizibwa na waliotoka hospitalini wakaenda vijijini. John Orley alifanya kazi Buganda katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 yeye na John Wing walichapisha uchunguzi wao wa vijiji viwili vya Uganda. Waliwauliza watu majumbani mwao, wakalinganisha majibu na yale ya wanawake wa mtaa mmoja wa London. Ikaonekana kuwa sonona ilikuwa nyingi zaidi Uganda kuliko London. Maradhi yaliyosemwa kuwa hayapo yalikuwako siku zote. Aliyekosekana ni muulizaji.

Lakini kuuliza nako kwataka lugha. Swali lililotungwa ugenini likifasiriwa neno kwa neno laweza kupata jibu la jambo jingine. Katika nchi ya Masaka na Rakai, Paul Bolton na wenzake walianza kwa kuwauliza wenyeji wao huyaitaje mateso yao, wakapewa majina mawili ya Kiganda, yokwekyawa na okwekubaziga, yaani kujichukia na kujihurumia. Juu ya msingi huo walijenga matibabu ya mazungumzo ya vikundi, ambayo matokeo yake mema yalichapishwa mwaka 2003. Kwetu Tanzania, mwaka 2002, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kuyapima maswali ya Kiswahili kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI mjini Dar es Salaam. Hata neno sonona ni la kwetu: limetoka katika kitenzi cha zamani kilichotaja uchungu wa moyo, likapewa kazi mpya ya kitabibu.

Hatua iliyo ngumu kuliko zote ni kumwuliza mtu habari za dawa yenyewe katika maisha yake ya kila siku. Huko Marekani, mwanasosholojia David Karp, ambaye mwenyewe aliugua sonona, alitoa kitabu mwaka 2006 juu ya watu wanaoishi na dawa hizi na swali linalowasumbua: anayejisikia vizuri leo ni mimi, au ni dawa? Hilo halipimwi kwa mizani ya mfamasia.

Tuseme sasa mchunguzi amefika Chala, katika wilaya ya Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa. Atauliza nini? Amitriptilini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya mwaka 1977. Hukausha kinywa, huleta usingizi, na faida yake kwa sonona huchukua majuma kadhaa kuonekana. Maneno hayo ni mepesi kitabuni. Kwa mkulima anayepaswa kuinua matuta ya majani kwa jembe, matuta ambayo Wafipa huyaita intumba, usingizi wa asubuhi ni njaa ya mwakani. Ubaya wa dawa hutangulia na wema wake hukawia. Basi anayeiacha siku ya nne si mjinga, bali amehukumu kwa ushahidi alio nao, wala hakuna aliyemwambia kuwa ushahidi mwingine ungali njiani.

Tena mchunguzi huyo atakuta ya kale. Wenyeji husimulia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Roy Willis, aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika juu ya waganga wa Kifipa na juu ya Kamcape, harakati ya kuondoa uchawi iliyopita huko mnamo 1963 na 1964 ikivipa vijiji dawa. Dawa ile ilikuwa jambo la kijiji kizima. Kidonge cha sonona humezwa na mtu mmoja, mara nyingi kwa siri. Kwa hiyo haitoshi kumwuliza mnywaji ameza vidonge vingapi. Yafaa aulizwe nani ajuaye kwamba anavimeza, nani humpa nauli ya kuvifuata, na huwaambia nini majirani.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Carothers alikitazama kitanda kwa mbali, akaandika kuwa hakina kunguni. Na waliokuwa wamekilalia walikuwako karibu naye, wenye ndimi na kumbukumbu, wakingoja kuulizwa.