Ngano imeondoka, mbona tumbo bado linasumbua?

Hebu fikiria umepimwa, ukaambiwa una ugonjwa wa seliaki, na ngano huruhusiwi tena maisha yako yote. Umeaga chapati, maandazi na mkate wa asubuhi. Sasa ni ugali, wali na viazi. Miezi inapita, lakini tumbo bado linajaa gesi na safari za chooni haziishi. Unaanza kujiuliza: daktari alikosea, au mimi ndiye nakosea?

Kabla hujakata tamaa, twende nyuma kidogo. Historia ya ugonjwa huu imejaa watu waliopata nusu ya jibu wakadhani ni lote.

Mwaka 1888 mjini London, daktari Samuel Gee alieleza ugonjwa wa watoto waliokonda, matumbo yamevimba, choo kingi kilichopauka. Alisema kama mgonjwa ataweza kupona kabisa, basi ni kwa njia ya chakula. Hapo alipatia. Ila kwenye orodha ya vyakula alivyoruhusu ulikuwamo mkate, mradi ukatwe mwembamba na kuchomwa pande zote mbili! Yaani dawa na sumu kwenye sahani moja.

Mwaka 1924 mjini New York, Sidney Haas aliandika kuhusu watoto 10. Wanane aliwalisha ndizi kwa wingi na wakapata nafuu. Wawili ambao hawakupewa ndizi walifariki. Ndizi ikawa shujaa. Lakini angalia vizuri: mpango wake ulikataza pia mkate na nafaka. Ndizi ilisifiwa kwa kazi iliyofanywa na chakula ambacho hakikuliwa. Kosa hilo lilikuwa na gharama, maana Haas aliamini kwamba mtoto akishapona anaweza kurudia mkate.

Aliyeikamata ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alishaishuku tangu miaka ya 1930. Halafu ikaja njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, mkate ukaadimika. Watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Dicke aliwasilisha tasnifu yake mwaka 1950. Mwaka 1952 watafiti wa Birmingham wakaonyesha kwamba kinachodhuru ni gluteni, protini ya ngano.

Hadithi nyingi huishia hapo. Kwa mgonjwa, ndipo inapoanza.

Mwaka 1956, Margot Shiner alieleza namna ya kupitisha mrija mdomoni na kuchukua kipande kidogo cha utumbo mwembamba wa mtu aliye hai. Utumbo wenye afya una vijidole vingi vidogo vinavyofyonza chakula. Kwa mwenye seliaki vijidole hivyo vimelala, na havisimami siku unayoacha mkate. Huchukua miezi, kwa watu wazima hata miaka. Tena vijidole hivyo ndivyo vyenye kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Kwa hiyo chai ya maziwa inaweza kukusumbua hata kama hujagusa ngano. Utumbo ukipona, mara nyingi shida hiyo nayo huisha.

Sababu ya pili ndiyo ya kwanza kuchunguzwa: gluteni bado inaingia kimyakimya. Sosi ya soya mara nyingi hutengenezwa kwa ngano. Unga wa mahindi hauna gluteni, lakini ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, umeshachanganyika.

Sababu ya tatu imetoka kwenye utafiti wa karibuni. Mwaka 2018 watafiti wa Oslo walichukua watu 59 wasio na seliaki ambao walikuwa wameacha gluteni wenyewe. Bila kujua wanakula kipi, kila mmoja alikula kwa zamu vipande vya nafaka vyenye gluteni, vyenye fruktani, au visivyo na chochote kati ya hivyo. Fruktani, ambayo ni aina ya wanga, ndiyo iliyoleta malalamiko mengi zaidi. Gluteni haikutofautiana na kile kipande kitupu. Na fruktani haiko kwenye ngano tu. Imo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Unaweza kuacha chapati, halafu mchuzi ukaendeleza shida ileile.

Pia kuna shida zinazoanzishwa na mlo mpya wenyewe. Ukibadilisha mkate wa ngano isiyokobolewa kwa wali mweupe, nyuzinyuzi zinapungua na choo kinakuwa kigumu.

Kwa hiyo ufanye nini? Kama bado hujapimwa, usiache ngano kwanza. Ukiiacha, kipimo cha damu kinaweza kuonyesha huna ugonjwa ilhali unao. Kama umepimwa na bado unaumwa, usirudie mkate kwa hasira, wala usizidi kufuta vyakula mpaka sahani ibaki tupu. Rudi hospitali, hasa ukikonda au ukipungukiwa damu, kwa sababu kuna wagonjwa wachache ambao utumbo wao haukubali kupona na wanahitaji tiba nyingine.

Haas aliona nafuu, akaipa ndizi sifa. Nasi tukiona maumivu, tusikimbilie kuilaumu ngano, wala daktari, kabla ya kuangalia kila kilichomo kwenye sahani.