Njia ya Miguu ya Bunkeya

Kabla reli haijaingia Katanga, na kabla moshi wa viwanda vya Panda na Shituru haujapanda juu ya vilima vya Likasi, hapakuwa na njia ya kuifikia nchi hii ya shaba ila njia ya miguu. Na njia hiyo, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikateremkia Luapula na kupanda majabali ya Kundelungu hata ikaishia Bunkeya katika uwanda wa Lufira, ndiyo iliyotuletea nguo na baruti, wageni na maradhi, utajiri na utumwa, na lugha hii tunayoandikia. Vijana wetu wa Likasi huyajua majina ya wahandisi wa Kibelgiji, maana mji wenyewe uliitwa Jadotville tangu 1931 hata 1966 kwa ajili ya mmoja wao, lakini hawajui ni kwa mabega ya nani shaba ya vilima hivi ilitoka nje kabla ya gari la moshi. Ujinga huo ni hasara, nami nataka kuupunguza kwa kadiri niwezavyo.

Mataifa mengine huziheshimu njia za namna hii kwa kuzitembea. Waumini wa Uganda, pamoja na wenzao wa Kenya na wa nchi nyingine za jirani, huacha makazi yao siku nyingi kabla ya tarehe 3 Juni wakashika njia kwa miguu, wazee na vijana, mvuani na juani, mpaka Namugongo, mahali pa kuwakumbuka mashahidi waliouawa baina ya 1885 na 1887. Nao hufanya hivyo, ijapokuwa magari yapo, kwa kuwa ziara isiyomgharimu mtu jasho haimkai moyoni. Sisi wa Katanga tuna ziara yetu. Kila mwaka, tarehe 20 Desemba, Bayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka mtawala wao, Mwami Msiri, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1891, na wengi wao hutoka Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Tarehe imehifadhiwa vizuri. Njia ndiyo iliyosahauliwa.

Wa kwanza kuzitembea njia hizi hawakuwa wafanyabiashara wa mbali, bali wafua shaba wenyewe. Katika vilima vya Kambove, vya Likasi na vya Dikuluwe upande wa Kolwezi, jiwe la kijani lilionekana waziwazi juu ya ardhi, mahali ambapo miti mikubwa hukataa kuota, na watu wa kale walilifahamu karne nyingi kabla ya Jules Cornet, mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, kupita hapa mwaka 1892 na kuandika habari za mashimo aliyoyakuta yamekwisha kuchimbwa. Padre Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa mkuu wa misheni ya Katanga, aliwawahi wazee waliokuwa bado wanaikumbuka kazi hiyo, akachapisha habari zake mwaka 1926. Na tunamshukuru kwa hilo, maana kama si yeye sehemu kubwa ya elimu ile ingalizikwa pamoja na wenyewe.

Mavuno ya mtama yakiisha na nyasi zikianza kukauka, yapata mwezi wa Mei, mkuu wa wafuaji alitoa amri, na vijiji vikahama, wanaume, wanawake na watoto, vikaenda kupiga kambi chini ya vilima vya shaba mpaka mvua za kwanza za Oktoba ziwarudishe mashambani. Wanawake na watoto waliokota mawe juu ya ardhi. Wanaume walishuka katika mashimo membamba kwa sururu za chuma. Wengine walikata miti na kuchoma makaa. Na wale wachache waliorithishwa siri walijenga tanuri kwa udongo wa kichuguu, wakafunga mivukuto ya ngozi za paa, wakaomba dua kwa mizimu ya wachimbaji waliotangulia, kisha wakatia moto. Hapana aliyethubutu kuanza bila idhini ya mkuu wala bila dawa na maombi, kwa kuwa waliamini kwamba jiwe halitoi shaba kwa mkono tu, linatoa kwa ruhusa. Mimi naiona safari hii ya kila mwaka kuwa ziara hasa: ilikuwa na majira yake, na miiko yake, na kiongozi wake, na mlima wake wa kwendea, na aliyerudi kutoka huko aliheshimiwa kijijini kuliko alivyokuwa kabla hajaondoka.

Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu za umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikawa fedha ya nchi. Ilitembea mbali. Mwaka 1957 na 1958, wataalamu walipofukua makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, katika mabonde ya Upemba, waliwakuta maiti wa kale wamezikwa na misalaba ya shaba, mingine imewekwa juu ya vifua vyao. Na kwa kuwa hakuna shaba katika mabonde yale yenye maji na samaki, ni dhahiri kwamba kila msalaba ulibebwa na mtu kutoka katika vilima vya kusini, juu ya njia ambazo hakuna aliyezichora.

Habari za shaba hiyo zilifika Unyamwezi, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 mfanyabiashara mmoja wa Kisumbwa, jina lake Kalasa, akaifuata kwa miguu, akanunua, akarudi kwao. Mwanawe Ngelengwa alimfuata katika nyayo, naye hakurudi. Akiwa na wawindaji wa tembo wachache na bunduki chache, aliingia katika ugomvi wa masultani wa nchi, akawasaidia hawa juu ya wale, hata ikawa wote wako chini yake. Akaitwa Msiri, akajenga Bunkeya, na watu wake wakaitwa Bayeke. Alikuwa na akili ya njia kuliko akili ya mipaka. Kwa mashariki aliifungua njia ya Tabora na Pwani. Kwa magharibi akaifungua njia ya Bihe na Benguela, upande wa Angola, akaoa hata mke wa damu ya Kireno, Maria de Fonseca, ili njia hiyo isifungwe. Na mafundi wake wakaongeza juu ya ufundi wa wenyeji ule wa Kinyamwezi wa kuvuta shaba kuwa masango membamba ya bangili. Chumvi ya Mwashya nayo, iliyopatikana kando ya Lufira, ilipita mikononi mwake.

Kabla yake na katika siku zake walikuwapo wengine walioivuka au kuifikia nchi hii. Pedro João Baptista na Amaro José, Waafrika wawili wa Angola waliotumwa na Wareno, waliondoka Cassange mwaka 1802, wakapita katika nchi ya shaba na kwa Mfalme Kazembe, wakafika Tete mwaka 1811. Said bin Habib wa Unguja alivuka vivyo hivyo kutoka Pwani ya mashariki mpaka ya magharibi, na maelezo yake yakachapishwa Bombay mwaka 1860. Mskoti Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886 kutoka upande wa Benguela, akawa mmisionari wa kwanza kukaa kwa Msiri. Hao waliacha maandishi, kwa hiyo wanajulikana.

Walakini fikira zangu zinakwenda kwa wale wasioacha neno. Mpagazi aliyetoka Pwani alichukua mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani ratili 70, juu ya kichwa au begani, na juu ya mzigo huo mkeka wake, sufuria yake na silaha yake. Mbele alikwenda kilangozi na bendera, amejipamba kwa manyoya. Nyuma yake wabeba pembe, ambao walijiona bora kuliko wengine na mara nyingi walifunga kengele kwenye pembe ili isikike wanapokanyaga. Kisha wabeba nguo, merikani na kaniki. Kisha wabeba shanga na baruti. Na nyuma kabisa wagonjwa na wanyapara wa kuwasukuma. Katika kila nchi palikuwa na hongo ya kulipwa, na hongo isipokubaliwa msafara ulikaa siku nyingi huku posho inakwisha. Palipo na mto palikuwa na mtumbwi mmoja na mwenye mtumbwi mwenye maneno mengi. Na pale njia ilipokuwa imekwisha kuvuka Luapula, msafiri alitazama mbele akaona ukuta wa Kundelungu, ambao juu yake ni uwanda baridi wa nyasi usio na kivuli, na ambao kwa upande wa Lufira unakatika ghafula, hata mto Lofoi unaanguka kutoka juu mpaka chini zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja. Kuteremka na mzigo katika magenge hayo ni kazi ngumu kuliko kupanda, kwa kuwa goti linalochukua ratili 70 halisamehe kokoto iliyolegea.

Wala haifai kuwasifu wapagazi na kuwanyamazia waliokwenda kwa kulazimishwa. Msiri aliuza shaba, chumvi na pembe, na pia aliuza watu. Na njia ile ile iliyoleta baruti Bunkeya iliwatoa vijana na wanawake wa Katanga, wamefungwa kwa kamba na miti shingoni, wakaenda Bihe au Ujiji wasionekane tena. Atakayeitembea njia hii kwa heshima awakumbuke hao kwanza, kabla ya Mwami na kabla ya wageni wake. Basanga wenyewe, waliokuwa mabwana wa vilima kabla ya Bayeke, walichoka na dhuluma hiyo, wakaasi, na katika miaka ya mwisho ya Msiri wakaikata njia ya magharibi, hata baruti ikawa haba Bunkeya wakati alipoihitaji zaidi.

Mwezi wa Julai 1891 msafara uliokodiwa na Kampuni ya Katanga kwa ajili ya Mfalme Leopold II uliondoka Pwani chini ya Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, pamoja na watu mamia kadhaa, wengi wao wapagazi na askari wa Unguja na Mrima. Walipita Tabora, wakavuka ziwa kutoka Karema, wakapanda Kundelungu, na tarehe 14 Desemba wakaingia Bunkeya. Msiri aliombwa akubali bendera ya Leopold, akakataa. Siku sita baadaye Kapteni Omer Bodson wa msafara huo alimpiga risasi, naye Bodson akapigwa papo hapo, wakafa wote wawili. Na kichwa cha Mwami kikakatwa, kikainuliwa juu ya mti ili watu waone kwamba utawala umekwisha. Baada ya hapo ikaja njaa. Mashamba yalikuwa hayajaiva, watu wa Bunkeya walikuwa wamekimbia, na wale wapagazi wa Pwani, waliotembea zaidi ya miezi mitano ili bendera ya mfalme wasiyemjua ipate kusimama katika nchi wasiyoijua, walikufa wengi kwa njaa na maradhi. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa huko Chinde, mdomoni mwa Zambezi, mwezi wa Juni 1892. Jina lake limo katika vitabu. Majina ya wapagazi wake ni machache mno yaliyoandikwa, na haya yangepaswa kusomwa kwa sauti kila tarehe 20 Desemba pamoja na majina ya Bayeke waliokufa.

Kifo cha njia hakikuchukua muda mrefu. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913, ikafika Bukama mwaka 1918. Na mlima ambao watu walikuwa wakiuendea kwa dua na miiko ukawa shimo linalochimbwa kwa mashine usiku na mchana. Mwaka 1930 maporomoko ya Mwadingusha yakazuiwa kwa ukuta ili yatoe umeme wa viwanda, na sehemu kubwa ya uwanda wa Lufira, uliokuwa ukipitwa kwa miguu, ikawa ziwa la Tshangalele. Sisemi kwamba haya yote yalikuwa mabaya, kwa kuwa baba zetu walilishwa nayo. Nasema kwamba yalifanya haraka kuliko kumbukumbu zetu.

Leo Bunkeya imo katika wilaya ya Lubudi, jimbo la Lualaba, na Likasi imo Haut-Katanga, kwa hiyo kila jimbo laweza kuliachia jingine kazi hii, na ndivyo inavyoachwa. Lakini kutoka Likasi mpaka Bunkeya, kwa kuelekea kaskazini na mashariki kidogo, ni safari ambayo kijana mwenye afya aweza kuimaliza kwa miguu katika siku chache, na wazee wa vijiji vya kando ya Lufira bado wanajua mahali pa kuvukia. Desemba ni mwezi wa mvua, na uwanda hujaa maji. Basi na twende kiangazi, mwezi wa Juni au Julai, majira yale yale wafua shaba walipokuwa wakihama. Walimu wa Likasi na Kambove wawachukue wanafunzi wao, waandike majina ya vijito na ya vilima kama wazee wanavyoyatamka, waweke jiwe katika kila kivuko na kila kambi inayokumbukwa, na wayapeleke majina hayo kwa Mwami wa Bunkeya ili yahifadhiwe. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi wala ruhusa ya mbali, nayo ianze mwaka huu, maadamu wazee wangali hai.