Mbwa Mdogo na Dawa ya Ng'ombe: Historia ya Vita vya Viroboto, Kupe na Minyoo ya Moyo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya kipindi: kiroboto, kupe, josho, pareto, aseniki, uzito, kipimo, kibandiko.

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kwamba kila mwanafunzi ana kalamu na karatasi, kwa sababu leo tutafanya na hesabu kidogo.

Huenda baadhi yenu mtashangaa mkisikia kwamba leo tutazungumza habari za mbwa. Mtasema, "Je, mbwa naye ana historia?" Ndiyo, anayo. Nami nitaianza kwa jambo nililoliona kwa macho yangu.

Jirani yangu mmoja alikuwa na mbwa mdogo wa kulinda nyumba. Watoto walimwita Simba, ingawa uzito wake haukupita kilo 4. Mvua zilipokwisha, kupe wakamjaa masikioni. Jirani alikuwa na ng'ombe watatu, na alikuwa na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kwa ng'ombe alizoea kutia kifuniko 1 cha dawa katika ndoo ya maji ya lita 20. Sasa akafikiri hivi: mbwa huyu ni mdogo, hahitaji maji mengi. Akatwaa bakuli la lita 2, akatia kifuniko kile kile 1, akamwosha Simba toka kichwani hata mkiani.

Jioni mbwa alianza kutokwa na mate na kutetemeka. Kabla ya kucha alikuwa amekufa. Asubuhi yule jirani aliniambia, "Dawa hii haijaniulia hata ng'ombe mmoja. Imekuwaje imwue mbwa?"

Swali hilo ni jema. Hebu tufanye hesabu. Kifuniko 1 katika lita 20, na kifuniko 1 katika lita 2. Yale maji ya mbwa yalikuwa makali mara ngapi? Mara 10. Nayo yalipakwa mwili wa kilo 4 tu, na mbwa hujilamba. Lakini ili tulijibu swali lile vizuri, yafaa tujue dawa hizi zilitoka wapi, na watu waliokuwa wakizitumia kabla yetu walijifunza nini.

ADUI WATAJWA

Zamani watu waliwaona viroboto na kupe kuwa ni wadudu wa kuudhi tu. Hawakujua kwamba wadudu hao hubeba magonjwa. Mwanga ulianza kuonekana mwisho wa karne ya 19.

Mwaka 1893 wataalamu wawili wa Marekani, Theobald Smith na Frederick Kilborne, walitangaza kwamba homa iliyokuwa ikiua ng'ombe wa nchi yao ililetwa na kupe. Mwaka 1898 daktari wa Kifaransa, Paul-Louis Simond, alipokuwa Karachi, alionyesha kwamba tauni hupita kutoka panya mmoja hata mwingine kwa njia ya kiroboto. Na mwaka 1901 huko Afrika Kusini, Charles Lounsbury alionyesha kwamba kupe ndiye aletaye ugonjwa mmoja mkali wa mbwa. Ugonjwa huo huharibu damu, mbwa akaishiwa na nguvu, na fizi zake zikawa nyeupe au za manjano.

Adui wa tatu hakuonekana kwa nje kabisa, kwa kuwa hukaa ndani ya moyo. Ni minyoo myembamba kama uzi. Jike wake aweza kufika urefu wa sentimeta 30. Mwaka 1877 Patrick Manson, daktari aliyefanya kazi China, aligundua kwamba minyoo ya matende, ugonjwa ambao watu wa pwani yetu wanaujua sana, huingia katika mwili wa mbu. Wataalamu wengine wakaifuata njia hiyo hiyo. Mwaka 1900 Waitalia Battista Grassi na Giovanni Noè walionyesha kwamba minyoo ya moyo ya mbwa nayo huletwa na mbu. Mbu humwuma mbwa mgonjwa, kisha humwuma mzima. Baada ya miezi 6 hivi minyoo huwa mikubwa moyoni. Mbwa mkubwa aweza kuvumilia michache. Mbwa mdogo ana moyo mdogo, na hata michache yaweza kumwua.

DAWA ZA KWANZA

Baada ya adui kujulikana, watu walitafuta silaha. Ya kwanza ilikuwa aseniki. Hiyo ni sumu kali inayotoka katika mawe ya madini. Mwanzoni mwa karne ya 20 majosho ya aseniki yalijengwa Afrika Kusini, na baadaye hata huku kwetu. Ng'ombe aliogelea josho, kupe wakafa. Lakini wakati mwingine ng'ombe naye alikufa, dawa ilipotiwa kwa kukisia au ng'ombe mwenye kiu alipoyanywa maji ya josho. Tena, ilipofika mwisho wa miaka ya 1930, kupe wengine wa Afrika Kusini walikuwa wameizoea aseniki. Waliogeshwa wala hawakufa.

Silaha ya pili ilikuwa ua. Wazee wa Kinangop, Molo na Njombe wanalijua vizuri: ni pareto. Asili yake ni nchi za Ulaya zilizo kando ya Bahari ya Adria. Kenya ilianza kulilima kwa wingi katika miaka ya 1930, na wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajapani walipokuwa hawauzi tena pareto yao ng'ambo, Kenya ikawa mkulima mkubwa kupita wote. Maua huchumwa kwa mkono, hukaushwa, husagwa yakawa unga. Kiroboto akiguswa na unga huo huanguka upesi. Mbwa hadhuriki sana. Ila pareto ina udhaifu mmoja: jua huivunja nguvu baada ya muda mfupi.

Silaha ya tatu ilikuwa DDT. Mwaka 1939 Paul Müller wa Uswisi aligundua kwamba huua wadudu, na mwaka 1948 alipewa Tuzo ya Nobel. Watu wakaisifu mno. Wakainyunyiza nyumbani na mashambani, wakawapaka hata mbwa. Baadaye ilionekana kwamba DDT haiondoki upesi: hukaa katika mafuta ya mwili wa wanyama na watu kwa miaka. Mwaka 1972 Marekani iliikataza mashambani mwake.

Mwaona, ndugu zangu, jinsi mambo yanavyokwenda. Kila dawa ilikuja kwa sifa kubwa. Kisha watu wakaacha kuipima, na hasara ikaonekana.

DAWA ZA SIKU HIZI

Wataalamu wa Uingereza walijaribu kuifuata pareto na kutengeneza dawa inayofanana nayo, lakini isiyoharibiwa na jua. Katika mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake walipata permethrini. Mbwa wengi huivumilia permethrini ikipimwa vizuri. Lakini paka! Mwili wa paka hauwezi kuivunja upesi. Dawa ya mbwa yenye permethrini ikipakwa paka, hutetemeka, huanguka, na aweza kufa. Yaweza kumdhuru hata akijilaza na mbwa aliyepakwa sasa hivi. Basi kumbuka: dawa iliyo salama kwa mnyama mmoja si lazima iwe salama kwa mwingine.

Miaka hiyo hiyo ya 1970, Mjapani Satoshi Ōmura alichota udongo karibu na uwanja wa gofu katika nchi yake. Ndani ya udongo huo alipata kijidudu kinachotoa dawa ya minyoo. Huko Marekani, William Campbell na wenzake waliifanyia kazi, ikapatikana ivermektini. Mwaka 1987 Marekani iliruhusu kidonge chake cha kila mwezi cha kuwakinga mbwa na minyoo ya moyo. Mwaka huo huo dawa hiyo ilianza kutolewa bure kwa watu wenye usubi, ule ugonjwa unaopofusha macho. Watu wa Mahenge, wa Uganda na wa Kongo wameimeza. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel.

Sasa shikeni kalamu. Kidonge kile cha kuzuia minyoo ya moyo huwa na maikrogramu 6 tu kwa kila kilo 1 ya mbwa. Maikrogramu 1 ni gramu 1 iliyogawanywa mara milioni 1. Mbwa wa kilo 4 huhitaji kiasi gani? Mara 4 kwa 6 ni 24. Maikrogramu 24. Lakini sindano ya ivermektini ya ng'ombe inayouzwa sana madukani ina maikrogramu 10,000 katika mililita 1. Gawanyeni 10,000 kwa 24. Jibu linapita 400. Ndiyo kusema, mililita 1 ya dawa ya ng'ombe ni zaidi ya vipimo 400 vya mbwa mdogo huyu.

Tena, si mbwa wote walio sawa. Mbwa wa jamii ya Collie, wachungaji wa kondoo waliotoka Uskochi, waliugua na wengine kufa kwa vipimo vya ivermektini ambavyo mbwa wengine walivivumilia. Mwaka 2001 wataalamu wa Marekani waligundua sababu: mbwa hao wengi wamerithi kasoro inayoiacha dawa iingie katika ubongo. Kipimo kile kidogo cha maikrogramu 6 hakiwadhuru. Kikubwa ndicho kinachowaua.

MALALAMIKO YA MWAKA 2008

Msidhani kwamba makosa haya ni ya watu wasiosoma tu. Katika Marekani, dawa nyingi za viroboto na kupe hutiwa matone mgongoni mwa mbwa. Mwaka 2008 idara ya serikali inayolinda mazingira ilipokea taarifa zaidi ya 44,000 za wanyama waliodhaniwa kudhurika na dawa za namna hiyo. Wengi waliwashwa ngozi tu, lakini wengine walipatwa na degedege, na wako waliokufa. Si kila taarifa ilithibitishwa. Hata hivyo idara ilichunguza, na mwaka 2010 ilitangaza kwamba mbwa wadogo walidhurika zaidi, hasa wenye uzito wa kati ya kilo 4 na nusu na kilo 9. Idara ikataka vipimo vigawanywe kwa uzito ulio karibu zaidi, na maandishi ya kibandiko yawe wazi.

Kwa nini? Chukueni mfano. Kibandiko kinasema chupa moja ni ya mbwa wa kilo 2 hata kilo 10. Mbwa wa kilo 10 na mbwa wa kilo 2 wanapata dawa ile ile. Basi kwa kila kilo ya mwili wake, yule mdogo amepata mara 5.

Toka mwaka 2013 vimekuja vidonge vipya vya kumeza vinavyoua viroboto na kupe. Wengi wamevisifu. Mwaka 2018 wakuu wa dawa wa Marekani walionya kwamba mbwa wachache waliovimeza walitetemeka au kupatwa na degedege. Hawakuvikataza, maana mbwa wengi huvimeza bila dhara. Walisema tu mwenye mbwa amweleze daktari kama mbwa wake aliwahi kuanguka kifafa.

TUMEJIFUNZA NINI?

Sasa tunaweza kumjibu yule jirani. Dawa yake haikuwa mbaya kwa ng'ombe. Ila ilitengenezwa kwa ng'ombe, nayo ilipakwa mbwa. Na ilipimwa kwa macho.

Kwa hiyo mwenye mbwa mdogo na afanye hivi. Kwanza, ajue uzito wake. Si kazi ngumu: panda juu ya mizani ukiwa umempakata, kisha upande peke yako, utoe hesabu. Pili, asome kibandiko: jina la mnyama, uzito, umri, na tarehe ya kuharibika kwa dawa. Tatu, asinunue dawa ya mbwa mkubwa ili aigawe, wala asichanganye dawa mbili za kupe kwa siku moja. Nne, kabla ya kuanza dawa ya minyoo ya moyo, damu ya mbwa ipimwe. Kama ana vijiminyoo vingi ndani ya damu, kuviua vyote kwa ghafula kwaweza kumwangusha. Tano, amwulize bwana mifugo au daktari wa mifugo ni magonjwa gani yaliyoko sehemu zake. Kuuliza si ujinga.

Na kama huna fedha ya dawa? Kupe wachache waweza kuondolewa kwa mkono. Mshike kupe karibu na ngozi kwa kibanio, umvute polepole bila kumponda. Fagia anapolala mbwa, fua tandiko lake kwa maji ya moto. Kazi hii haina sumu.

Nitamaliza na neno moja. Siku ile jirani yangu alinionyesha ile chupa. Kibandiko kilikuwapo. Kilikuwa na picha ya ng'ombe, na chini yake maneno ya Kiswahili safi yaliyosema isitumiwe kwa mbwa wala paka. Akaniambia, "Picha niliiona. Maneno sikuyajua." Mwezi uliofuata alijiandikisha katika darasa la jioni.

Kwa herini, wasikilizaji. Sasa mwalimu ataongoza maswali.

MASWALI

1. Nani alionyesha, na mwaka gani, kwamba kupe huleta ugonjwa wa mbwa?
2. Pareto ina faida gani, na ina udhaifu gani?
3. Kwa nini dawa ya mbwa yenye permethrini isipakwe paka?
4. Mbwa ana kilo 7. Kipimo ni maikrogramu 6 kwa kila kilo. Apewe maikrogramu ngapi?
5. Leteni darasani chupa tupu ya dawa ya mifugo, iliyooshwa vizuri. Someni kibandiko kwa sauti, mmoja mmoja.