Picha za asubuhi na historia ya Kasulo



Wengi wenu munatuuliza: hawa wawili wanaotembea Kasulo asubuhi na simu mkononi, wanatafuta nini? Mzee mmoja alitusimamisha akasema: "Munapiga foto ya mashimo? Haina mtu asiyeyajua!" Ni kweli, mashimo yanajulikana. Kinachosahaulika ni kilichokuwa pale kabla ya shimo. Njo sababu tunaandika historia hii fupi.

Kolwezi ni mji uliozaliwa na mgodi. Union Minière du Haut-Katanga iliujenga mwishoni mwa miaka ya 1930: wazungu upande wao, makambi ya wafanyakazi upande mwingine. Kampuni ilipiga picha nyingi za mitambo na za wafanyakazi waliopangwa mstari. Mwaka 1967 mali yake ilichukuliwa na serikali, na baadaye tukaizoea kwa jina la Gécamines. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi wale akaziweka juu ya picha mpya za karakana zilizobaki magofu. Kazi hiyo ya 2006 inaitwa Mémoire. Ukiitazama unaona baba zetu wamerudi kazini, lakini kazi yenyewe haiko tena.

Picha za kampuni ziliangalia mgodi. Lupango letu, mwembe wetu, mlango wa jirani, hivyo tulipaswa kuvipiga sisi wenyewe. Ni wachache waliovipiga.

Upungufu huo tuliuona mwaka 1993. Fujo zilizoanza Likasi mwaka 1992 zilifika Kolwezi, na familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa. Katika Katanga nzima waliotolewa walikuwa mamia ya maelfu. Tulilala kituo cha reli tukingoja treni, wengine majuma na majuma, na watoto walikufa palepale. Aliyebeba sufuria na blanketi hakukumbuka kubeba albamu. Tuliporudi, kila mmoja kwa mwaka wake, tulikuta watu wengine ndani ya nyumba. "Onyesha kama ulikaa hapa." Tungeonyesha nini? Hati zilipotea, majirani waliotujua walihama au walikufa.

Baadhi yetu tulipata mahali Kasulo tukaanza upya. Halafu, mwaka 2014, mkaaji mmoja aliyekuwa akichimba kwake alikuta heterojeniti, jiwe lenye kobalti. Habari ilitembea haraka kuliko moto wa kiangazi. Watu walichimba uani, sebuleni, hata chini ya kitanda, mashimo ya mita 20 na zaidi. Kuta zilipasuka, nyumba zilianguka, vijana walizikwa chini. Mwaka 2017 mkoa ulitenga sehemu ya mtaa iwe eneo la wachimbaji wa mkono, na madini yake kununuliwa na Congo DongFang Mining. Wakaaji wa sehemu ile walilipwa wahame, nyumba zikabomolewa, ukuta ukajengwa kuzunguka.

Tazameni tofauti. Mwaka 1993 nyumba zilibaki na watu wakaondoka. Kasulo watu wengi wako bado mjini, nyumba njo zimeondoka. Lakini swali ni lile lile: nani atasema kwamba tuliishi hapa?

Ndiyo maana tunatembea wawili wawili, kila Jumamosi. Saa kumi na mbili asubuhi vumbi la malori halijapanda, na jua likiwa chini linaonyesha mistari ya misingi iliyobaki ardhini. Mchana huioni. Mmoja anapiga, rafiki yake anauliza na kuandika: nani alikaa hapa, toka mwaka gani, kisima kilikuwa wapi. Mama mmoja alisimama mahali patupu akatuonyesha kwa mguu: "Hapa njo mlango. Pale tulikuwa tunalalisha wageni." Bila maneno yake, ile ni picha ya udongo tu.

Tuna masharti. Hatupigi mtu bila ruhusa, hatupigi watoto wanaobeba mawe, na tunakaa mbali na walinzi na malango ya migodi. Mtu asiende peke yake.

Picha si hati ya lupango, tusidanganyane. Haitarudisha nyumba. Lakini picha yenye tarehe, jina la njia na majina ya majirani wawili inampa shahidi mahali pa kuanzia, na inampa mtoto aliyezaliwa safarini mahali pa kusema "kwetu".

Tunawaomba jambo moja. Fungueni sanduku, mutafute picha za zamani: arusi, ubatizo, sherehe ya shule. Musiangalie nyuso peke yake. Angalieni nyuma ya watu: rangi ya ukuta, namba ya nyumba, mti. Leteni kwenye mkutano, tutazinakili na kuwarudishia siku ileile. Na wenye nyumba ambazo zinasimama bado Kasulo, muzipige sasa, mbele na nyuma, kabla ufa haujafika dirishani.