Ramani za Nyanza: Zilizaliwa Midomoni Mwetu, Zinaning'inia Kwenye Kuta za Wenzetu

Juni 19, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua daraja la Kigongo–Busisi, foleni ya kusubiri kivuko iligeuka simulizi. Maji yanayopita chini ya daraja hilo, lenye urefu wa kilomita 3, tunayaita Ghuba ya Mwanza. Ramani za zamani zinayaita Smith Sound, kwa jina la Shergold Smith, mmisionari aliyeuawa Ukerewe Desemba 1877.

Ramani hizo siku hizi ni bidhaa. Nyingi zilichapishwa zikiwa zimekunjwa ndani ya majarida na vitabu vya wasafiri. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani huzichomoa, wakazitia fremu na kuziuza moja moja. Mkusanyaji hutazama mikunjo, rangi iliyopakwa kwa mkono na, zaidi ya yote, makosa. Ramani iliyokosea sana ndiyo inayotafutwa sana.

Katika makosa, hakuna inayoishinda ile ya mwaka 1856. Mmisionari Jakob Erhardt, akiwa Tanga, aliwahoji watu wa misafara ya bara. Wa njia ya Tanga walimwambia huko waendako kuna ziwa. Wa Bagamoyo wakasema hivyo hivyo, na wa Kilwa nao pia. Wote walisema kweli: kila njia ilikuwa na ziwa lake. Aliyekosea ni mshika kalamu. Erhardt na mwenzake Johannes Rebmann waliyaunganisha yote yakawa ziwa moja, limevimba na kupinda katikati ya bara kama konokono aliyevuliwa nyumba yake.

Konokono huyo ndiye aliyewavuta Richard Burton na John Hanning Speke kuja kuhakikisha. Walipofika Kazeh, yaani Tabora, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir aliwaeleza kuwa maziwa ni matatu: la Nyasa, la Ujiji na la Ukerewe, yaani hili letu la Nyanza. Kwa maneno yake tu, konokono alikatika vipande vitatu.

Burton alikuwa mgonjwa. Speke akaja kaskazini na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa, na Agosti 3, 1858, akiwa juu ya kilima hapa Mwanza, akaliona ziwa. Katika maandishi yake amesimulia jambo ambalo wauza ramani hawalitaji. Alipouliza ziwa linaishia wapi, alijibiwa na mwenyeji aliyesifika kwa kusafiri kuliko wote. Yule bwana aligeukia kaskazini, akatikisa kichwa, akarusha mkono wa kulia mbele na kualisha vidole, tena na tena. Hakuna ajuaye, alisema; pengine linafika mwisho wa dunia.

Speke alikaa siku chache tu, kisha akarudi Kazeh na kumtangazia Burton kwamba chanzo cha Nile kimepatikana. Hapo ndipo urafiki ulipokufa. Burton alimtaka ushahidi, naye hakuwa nao: alikuwa ameona pembe moja ya maji na vidole vya mtu. Hata Speke aliporudi ziwani akafika maporomoko ya Jinja Julai 1862, alikuwa hajalizunguka. Wawili hao walipangiwa kukutana kwenye mkutano wa wanasayansi mjini Bath, Septemba 16, 1864. Siku moja kabla, Speke alifia mawindoni kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe. Hilo halikumnyamazisha Burton. Mwaka huo huo alichapisha ramani iliyolivunja ziwa letu kuwa vidimbwi kadhaa.

Mwaka 1875 Henry Stanley aliondoka Kageyi, pwani hii hii ya kusini, akalizunguka kwa mashua na kurejea baada ya siku 57. Ziwa lilikuwa moja. Baadaye Kamanda Whitehouse wa jeshi la majini la Uingereza akapima ufuo na vina kwa ajili ya meli za Reli ya Uganda. Ramani za mabaharia za aina hiyo zikisahihishwa, za zamani hutupwa. Ndiyo maana zilizosalia ni adimu.

Speke ana ghuba yenye jina lake mpaka leo. Sisi tuna makumbusho ya Bujora pale Kisesa, tuna bandari, tuna shule kila kata, lakini sijawahi kuona ukuta wa Mwanza uliotundikwa konokono wa Erhardt. Sisemi tushindane na matajiri mnadani. Nakala ya kawaida inatosha. Mtoto wa Igogo aione, asimuliwe kwamba watu wa misafara walisema kweli na wino ndio uliokosea. Kisha apelekwe kilimani, ageukie kaskazini na kualisha vidole. Jina la aliyefanya hivyo kwanza halimo katika ramani hata moja.